Shingo ni yangu, majibu yake siyaelewi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ukiona ni ndefu, punguza popote upendapo, ila usiguse pale ninapoeleza habari ya ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga pindo.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Nilianza kushona mwaka 1984. Mwaka 1988, Wagosi wa Kaya, timu yetu ya Coastal Union, walipochukua ubingwa wa ligi, nilikuwa tayari na cherehani yangu mwenyewe barazani, na wiki ile nilishona bendera mpaka kitambaa kikaadimika mtaani. Natoa historia hii ili ujue kwamba shingo nitakayoisema humu imeinama juu ya sindano kwa miaka arobaini, na haikuwahi kunidai kitu mpaka msimu wa sare za shule uliopita.

Ilianza na kidole gumba cha mkono wa kulia. Kikawa kama kimevaa subana ambayo sikuivaa. Baada ya siku chache kidole cha shahada nacho kikafuata. Sindano naiona iko vidoleni, lakini vidole vyenyewe havina habari. Uzi naulainisha kwa mate, naupeleka kwenye tundu, unapita pembeni. Narudia, unapita pembeni upande wa pili. Mke wangu akawa ndiye ananitungia uzi asubuhi, sindano sita kwa mkupuo, ananichomekea kifuani kwenye shati nizitumie mpaka adhuhuri. Januari inakaribia, sketi za buluu zimerundikana hadi dirishani, na wazazi wanapita kila jioni: "Fundi, vipi, tayari?"

Halafu yakaja maumivu yenyewe. Yanatokea nyuma ya bega, yanashuka mkononi hadi kwenye gumba, kama mtu amegusa waya wa umeme uliochunika. Nikiinua uso kumtazama mteja mrefu, ndiyo yanapiga zaidi. Nilikwenda kwa kinyozi wangu, maana wenzangu walisema ni uchovu. Alininyoa, akanikanda kwa mafuta, halafu akanishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine. Vijana wa saluni wanapenda sana kuikata shingo ya mtu ilie "ka!" Namshukuru Mungu simu yake iliita. Baadaye daktari aliponiuliza kama kuna mtu aliyewahi kunizungusha shingo, nikamwambia ilikosekana dakika moja, alifumba macho kwanza ndipo akaendelea kuandika.

Nilipiga eksirei. Nikaambiwa mifupa ya shingo imeota vijiba na nafasi baina ya pingili zimepungua. Sawa, lakini eksirei ni chombo cha mifupa. Mshipa wa fahamu hauonekani humo, wala diski, ule mto laini unaokaa kati ya pingili na pingili. Unaona tu kwamba nafasi ya mto imekuwa nyembamba, nawe ubuni mwenyewe mto umekwenda wapi. Daktari kijana aliyekuwa zamu akaniandikia kipimo cha MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, nikakifanye Dar es Salaam.

Safari ile nisingependa kuirudia. Gari linatoka Kange alfajiri, Muheza, Segera, Mkata, Chalinze, na kila tuta la barabarani linanishukia mkononi. Nikagundua kitu kimoja: nikiweka kiganja cha mkono unaouma juu ya kichwa, maumivu yanapoa. Basi nikakaa hivyo, mkono kichwani, kutoka Segera mpaka karibu na Chalinze. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alinitazama kwa muda mrefu, mwisho akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Pole sana baba. Mmefiwa na nani?" Sikuwa na la kumjibu. Nikasema tumepoa, akanipa andazi.

Sasa, chumba cha MRI. Kabla ya kuingia unaulizwa maswali mengi: umewekewa chuma chochote mwilini, una betri ya moyo, umewahi kuingiwa na kipande cha chuma machoni. Nikajibu hapana, hapana, hapana. Nikavua mkanda, saa, pete. Kijana aliyekuwa akinihudumia akanitazama kifuani, akasema, "Mzee, hizo ni nini?" Sindano nne, Mhariri, na pini mbili chini ya ukosi. Nimezivaa miaka yote hiyo hata sizioni. Akazitoa moja moja, akazihesabu, kisha akanipa gauni lao na kulichukua shati langu lote. Aliniambia sumaku ya mle ndani ina nguvu ya tesla 1.5, kama mara 30,000 ya ile inayovuta dira ya nahodha, na kwamba haizimwi hata usiku. Sindano ingechomoka kifuani na kuruka kama mshale.

Unalazwa chali, kichwa na shingo vinaingizwa kwenye kitu kama tenga la plastiki, masikio yanazibwa, unapewa kipira cha kubonyeza ukizidiwa. Halafu kitanda kinaingia kwenye pango. Niliambiwa nisitikisike na, hili ndilo lilikuwa gumu, nijitahidi nisimeze mate wakati mashine inapiga, kwa sababu koo likicheza picha ya shingo inapata ukungu. Jaribu kumwambia mtu asimeze mate uone mate yanavyojaa. Kelele zake wengi huziogopa. Mimi sikuziogopa. Ni nyaya zinazowashwa na kuzimwa upesi upesi ndani ya ile sumaku, zinatetemeka, na mtetemo ule unatoa mlio: dum-dum-dum, kisha trrrr, kisha kimya, kisha trrrr tena. Ni cherehani kabisa. Kuna mahali nilisikia kama ovaloki inafunga pindo la suruali, nikajikuta mguu wangu unatafuta kanyagio. Yule kijana akasema kwenye spika, "Mzee, mguu utulie tafadhali."

Dakika kama ishirini na tano hivi nikatoka. Nililipa laki nne na ushee, pesa ya sketi, na sinung'uniki juu ya bei. Mashine ile, kwa nilivyoelezwa baadaye, haitumii mionzi kama eksirei. Inavizungumzisha viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili: sumaku inavipanga, mawimbi ya redio yanavisukuma, vinaporudi mahali pake vinatoa mwitikio wao, na kompyuta inakusanya miitikio hiyo na kushona picha. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa rahisi.

Manung'uniko yangu yanaanzia dirishani.

Nilipewa bahasha kubwa, ndani yake kuna CD moja na karatasi mbili zilizochapwa Kiingereza kitupu. Nikauliza, "Wameona nini?" Dada wa dirishani, kwa adabu kabisa, akanijibu, "Baba, utampelekea daktari aliyekutuma, yeye atakueleza." Nikarudi Tanga. Daktari aliyenituma alikuwa amehamishwa. Aliyekaa kwenye kiti chake akasema hii ni ya kuonwa na bingwa, na bingwa anakuja baada ya majuma sita.

Majuma sita una bahasha ya shingo yako chini ya godoro, Mhariri, utakaa bila kuifungua? Nilimwita mtoto wa mdogo wangu, yuko kidato cha nne, nikamwambia asome. Alisoma, akakwama, akatoa simu akaipiga picha ile karatasi ili simu imtafsirie. Nakumbuka mazungumzo yetu neno kwa neno.

"Baba mkubwa, hapa wanasema pingili zako zimeharibika, sehemu tatu."

"Zimeharibikaje?"

Akakuna kichwa. "Ni kama... zinaoza."

"Na uti wenyewe?"

"Uti hawajautaja. Wanasema ishara ya kamba ni ya kawaida."

"Kamba gani?"

"Sijui, baba mkubwa. Labda ile ya kukufungia mle ndani."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele. Aliliweka chini, akaingia ndani, sikumwona mpaka magharibi.

Usiku ule sikulala. Pingili tatu zinaoza. Kwa hesabu yangu shingo ina pingili saba, basi zimebaki nne. Nilijiona nimelala kitandani, mtu wa kulishwa. Kesho yake nilimwita fundi mwenzangu aliyekuwa akiitamani ovaloki yangu siku nyingi, nikamwambia aje na pesa. Ovaloki ile niliinunua mtumba, nikaibadilisha mota mimi mwenyewe, visu vyake navinoa kwa mkono wangu, ilikuwa haikati uzi hata ukiiwekea kitambaa cha turubai. Niliiuza kwa nusu ya thamani yake kwa sababu niliambiwa na karatasi kwamba naoza. Nikabakiza cherehani ya miguu, nayo nikaifunika shuka.

Majuma sita yakapita. Bingwa akaja. Ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa pili. "Shikamoo mzee wangu," akaniambia, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya tangu ugonjwa uanze: aliiweka bahasha pembeni bila kuifungua, akanigusa. Alinigonga kiwiko kwa kinyundo cha mpira, mkono wa kushoto ukaruka, wa kulia ukachelewa kama mtoto aliyeamshwa shule. Akanipapasa vidole kwa pamba, kimoja kimoja, nimefumba macho. Akanigongagonga kiganjani penye kifundo kuona kama mshipa umebanwa pale, maana mafundi wengi hubanwa hapo, mkono ukafa ganzi na lawama ikapewa shingo bure. Akanidokoa ukucha wa kidole cha kati kuona kama gumba litajikunja lenyewe, halikujikunja. Akaniambia nitembee kwenye mstari wa vigae, kisigino kikifuata kidole, kama mlevi anayepimwa na trafiki. Nikatembea vizuri. Akauliza kuhusu haja ndogo, nikamjibu. Nikamsimulia na habari ya mkono kichwani ndani ya basi, na yule mama aliyenipa pole ya msiba. Alicheka, kisha akasema hiyo nayo ni dalili inayojulikana: ukiinua mkono hivyo, mshipa uliobanwa shingoni unalegea.

Mwisho akaiona sindano kifuani. "Hebu tunga uzi nione." Nikajaribu mara tatu. Ya nne ukaingia. Akaandika.

Ndipo akafungua bahasha. Alisoma karatasi kwa muda usiofika dakika mbili, akaomba kuiona picha yenyewe. Hapo tukapata kisa kingine. Kompyuta yake ndogo haina pa kuchomekea CD. Ya ofisini inayo, lakini mlango wake haufunguki. Mwanangu akaichukua CD akazunguka nayo mjini, maduka ya kuchapa, ya simu, hakuna. Akaja kufanikiwa kwa jamaa mmoja anayepiga video za harusi, yeye ndiye bado ana mashine ya zamani. Jamaa akahamishia shingo yangu kwenye flashi, kati ya ngoma ya bi harusi na mnuso wa watu wa Makorora, tukarudi nayo kabla daktari hajamaliza foleni.

Nimeona shingo yangu, Mhariri. Imekatwa ubavuni kama papai. Pingili zimepangana, kati yake mito, na nyuma ya pingili unashuka mkanda wa kijivu uliolala ndani ya maji meupe. Daktari akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mkanda. "Huu ndio unaobeba habari zote za mikono na miguu. Maji haya meupe yanauzunguka. Unaona hapa haujakatika wala haujabadilika rangi? Ukiwa umeumia tungeona doa jeupe ndani yake. Huna doa."

Nikamuuliza kama hiyo ndiyo ile kamba.

Akatazama karatasi tena, akaelewa. "Ndiyo, mzee. Huu ndio mstari muhimu kuliko yote humu. Wameandika kwamba uti wako uko salama."

Mstari uliokuwa uniondolee hofu ndio uliosomwa kuwa kamba ya kunifungia. Na lile neno lililosomwa kuwa kuoza, akanieleza, ni kuchakaa kwa umri tu. Mito ya shingo ikikauka inakuwa myeusi kwenye picha, haina tena maji ya kung'aa. Akaniambia Wajapani waliwapiga picha za MRI za shingo watu 1,211 ambao hawakuwa na malalamiko yoyote, matokeo yakachapishwa mwaka 2015: karibu tisa katika kila kumi walikutwa na diski iliyotokeza, hata vijana wa miaka ya ishirini, wengi wao. Wote wazima, wanafanya kazi zao. "Ningekupiga picha wewe miaka kumi iliyopita," akasema, "huenda ningeona nusu ya haya, nawe unashona huna habari."

Basi katika zile sehemu tatu, mbili zilikuwa uzee wa kawaida. Moja tu ndiyo yenye kesi, kati ya pingili ya tano na ya sita, upande wa kulia, ambako diski na kijiba cha mfupa vimepunguza kitundu unapotokea mshipa wa sita wa shingo. Mshipa huo ndio unaohudumia gumba na kidole cha shahada. Picha peke yake isingeweza kusema ni ipi kati ya zile tatu. Kinyundo, pamba na uzi ndivyo vilivyosema, picha ikaafiki. (Pingili za shingo ni saba lakini jozi za mishipa ni nane, na hesabu yake ina ukaidi kidogo, nilimwomba anieleze mara mbili.)

Hakunikata. Alinipa mazoezi tiba, dawa za muda, akaniamuru niinue meza ya cherehani kwa matofali mawili ili kazi inifuate usoni, na nisimame kila nusu saa. Kinyozi asinishike shingo. Nikiona miguu inakuwa mizito, mikono yote miwili inaangusha vitu, au mkojo unanitoroka, nisingoje miadi, nije siku hiyo hiyo. Haya nayaandika kwa ajili ya wasomaji wenzangu wenye ganzi za mikono wanaosugua dawa ya kuchua usiku kucha. Ganzi ya kidole kimoja wakati mwingine inaweza kungoja. Mikono inayoshindwa kufunga vishikizo pamoja na mwendo unaoyumba haviwezi.

Kuna mambo ya mbele zaidi pia. Nilimuuliza kama siku hizi wanaweza kuuona mshipa wenyewe kwa ndani, akasema zipo namna mpya za kutumia mashine ile ile ya sumaku, zinafuatilia maji yanavyosogea kandokando ya nyuzi za uti, ili ijulikane nyuzi zimesimama sawa au zimevurugika. Akatafuta mfano. Nikamwambia asihangaike, mimi ni fundi: ukidondosha tone la maji kwenye kitambaa, halitandai duara, linakwenda kufuata uzi. Palipokatika nyuzi, tone linatandaa ovyo. Alinitazama. Akasema ndivyo hivyo hasa, na kwamba atautumia mfano huo kwa wanafunzi wake. Sijamdai kitu.

Sasa ombi langu, nalo ni moja. Kila majibu ya vipimo vya picha, MRI, CT na hata eksirei, yawe na mistari mitatu ya Kiswahili chini ya ukurasa: kilichoonekana, ambacho hakikuonekana, na jambo gani likitokea mgonjwa awahi hospitali. Mistari mitatu tu. Kiingereza chao kibaki huko juu, najua ripoti ile ni barua ya daktari kwa daktari na sina ugomvi nayo. Lakini barua hiyo anayeibeba ni mimi. Analala nayo ni mimi. Na daktari mwenzake anaweza kuwa amehamishwa.

Nilipomweleza mzee mmoja wa barazani kwetu, mwalimu mstaafu, aliniambia Kiswahili hakijapevuka kwa mambo hayo. Nilikasirika, naomba radhi kwake kama atasoma. Mwaka 2021 nchi hii ilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa kwa Kiswahili lakini kuelezwa shingo yake kwa Kiswahili haiwezekani? Na maneno tunayo. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vinaita mfupa uti wa mgongo, na kile kinachopita ndani yake ugwe mgongo. Ugwe! Bibi yangu alikuwa akifungia mzigo wa kuni kwa ugwe. Fundi yeyote wa pwani anaujua ugwe. Laiti karatasi yangu ingesema "ugwe mgongo ni mzima," maneno manne, hata mke wangu angeelewa palepale na sinia lake mkononi. Kitundu, pingili, mto, mshipa wa fahamu, kuchakaa, kutokeza, kubana: niambieni ni lipi hapo linalohitaji chuo.

Kuna atakayesema waandishi wa ripoti ni wachache na picha ni nyingi. Nakubali. Ila yule mtoto wa mdogo wangu ameniambia mistari mingi ya ripoti zile hujirudia, mtu anabonyeza tu. Basi na Kiswahili chake kitayarishwe mara moja, kibonyezwe. Wenye kazi hiyo wakae na watu wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, siku mbili, chai ya pili nitanunua mimi.

Na la CD, kwa kuwa nimeshalisema nilimalize: wekeni picha mahali ambapo daktari wa Tanga ataifungua bila kumtafuta mpiga video za harusi.

Leo naandika barua hii kwa mkono wangu, wa kulia. Gumba bado lina ubaridi kwenye ncha, lakini uzi unaingia mara ya kwanza asubuhi na mara ya pili jioni. Meza iko juu ya matofali. Wateja wanacheka, wanasema fundi amepandishwa cheo.

Kuhusu ovaloki: ipo barabara tatu kutoka kwangu. Nikipita na baiskeli naisikia kabla sijafika kwenye kona, mota naijua. Nilimfuata yule mwenzangu mwezi uliopita nikamtajia bei aliyoninunulia, akakataa. Wiki iliyopita nikamtajia mara mbili yake. Akasema, "Kaka, mashine hii haikati uzi. Nitaipata wapi tena?"

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga